Tazama Vidole, Sikiliza Sauti: Mwongozo Kamili wa Kutazama Filamu za Historia ya Jazz

Jumapili moja tulikuwa watu wanne sebuleni kwangu, tunatazama filamu ya makala kuhusu New Orleans ya zamani. Msimulizi ana sauti nzito, ya mtu usiyeweza kumbishia. Kwenye kioo yupo kijana anapiga tarumbeta, picha ya zamani inarukaruka, na juu yake umewekwa wimbo wa taratibu, noti moja imevutwa mpaka unatamani kumpumulia mpigaji. Mzee wetu mmoja, aliyepiga tarumbeta miaka mingi kwenye bendi ya dansi, akasema, "Mwanangu, rudisha nyuma kidogo." Nikarudisha. "Sasa usisikilize. Tazama mkono."

Tukatazama. Vidole vya yule kijana vilikuwa vinakimbia juu ya pistoni tatu kama karani anayepiga taipu, na masikioni mwetu noti ilikuwa ileile moja, haisogei. "Mkono huu na wimbo huu hawajuani," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Filamu yenyewe siitaji, kwa sababu mchezo huo unachezwa na wengi. Picha nyingi za miaka ile zilipigwa bila sauti. Mhariri ana picha bubu mkononi na santuri isiyo na picha kabatini, basi anawafungisha ndoa. Wengine hufanya hivyo kwa adabu, wengine kwa uvivu. Lakini tangu siku ile nimeacha kuzitazama filamu hizi kama mtu anayesomewa kitabu cha historia. Filamu ya historia ya jazz hujengwa kwa masalia: picha iliyonusurika, santuri iliyopatikana, mtu aliye hai ambaye ana ulimi mzuri mbele ya kamera. Kilichopotea hakina wa kukisemea. Hatua zifuatazo ndizo tunazotumia sebuleni kwangu, na hazihitaji ujue kusoma muziki.

Kabla ya kuanza: jazz ipi?

Kwetu neno hili limezoeleka kwenye majina ya bendi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz, na ng'ambo ya ziwa OK Jazz ya Franco. Hao walipiga dansi na rumba, na "jazz" ilimaanisha bendi ya kisasa yenye magitaa na vyombo vya kupuliza. Liweke hilo pembeni. Filamu tunazozungumzia hapa zinahusu muziki uliozaliwa na Wamarekani weusi wa New Orleans mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Ukiingia ukisubiri Mbaraka Mwinshehe utalala dakika ya kumi.

Hatua ya 1: Andika karatasi yako mwenyewe

Chukua nusu ya karatasi na uandike miaka michache kabla ya kubonyeza. Buddy Bolden, mpiga korneti wa New Orleans, alizaliwa 1877, akanyamaza 1907 alipopelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akafa humo 1931. Santuri ya kwanza ya jazz, Februari 1917. King Oliver na kijana wake Louis Armstrong wanarekodi, 1923. Armstrong na bendi yake ya kurekodia, Hot Five, 1925 hadi 1928. Benny Goodman kwenye ukumbi wa Palomar, Los Angeles, Agosti 1935, usiku ambao filamu nyingi huuita mwanzo wa enzi ya swing, jazz ya bendi kubwa za kuchezea dansi. Mgomo wa kurekodi, 1942 hadi 1944. Charlie Parker wa saksofoni na Dizzy Gillespie wa tarumbeta wanarekodi bebop, jazz ya kasi na ya kusikiliza kuliko kucheza, 1945. Mwaka 1959 mpiga tarumbeta Miles Davis anatoa *Kind of Blue*, na miezi michache baadaye mpiga saksofoni Ornette Coleman anaingia ukumbi wa Five Spot, New York, akiwagawa watu vichwa. Mwaka 1970 Miles huyohuyo anatoa *Bitches Brew*, yenye vyombo vya umeme. Inatosha.

Karatasi hiyo itakulipa mapema. Kuna hadithi moja ambayo wasimulizi wanaipenda kupita kiasi: kwamba serikali ilifunga Storyville, mtaa wa madanguro wa New Orleans, Novemba 1917, wanamuziki wakakosa kazi, wakapanda meli wakafuata mto mpaka Chicago, na jazz ikafuata mizigo yao. Picha za meli za magurudumu hapo hazikosekani. Sasa funua ramani. Mto Mississippi haufiki Chicago. Mpiga korneti Freddie Keppard na wenzake wa bendi ya Creole walikuwa wanazunguka kwenye majukwaa ya Marekani tangu 1914, miaka mitatu kabla ya kufungwa huko. Mpiga piano Jelly Roll Morton alikuwa ameondoka zamani. Na Armstrong alikwenda Chicago Agosti 1922, kwa treni, miaka mitano baada ya mtaa kufungwa, kwa sababu King Oliver alimwita. Alikuwa mmoja wa mamia ya maelfu ya watu weusi waliokimbia ubaguzi wa Kusini na kufuata ajira za viwanda vya Kaskazini. Hiyo ndiyo sababu kubwa, na ina uzito kuliko danguro lolote, ila haina taa nyekundu za kupendezesha filamu.

Hatua ya 2: Jiulize kamera na mashine vilikuta nini

Hapa ndipo penye nyama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bolden hakuacha santuri hata moja. Ipo picha moja ya bendi yake, imefifia, na hata hiyo wachunguzi wamebishana kama imechapwa kinyume: ukiiweka upande mmoja wapiga gitaa na besi wanaonekana wa mkono wa kushoto, ukiigeuza wapuliza klarineti ndio wanakosea. Picha moja, na haina uhakika wa kushoto na kulia! Halafu unakuta filamu inaeleza dakika kumi jinsi korneti yake ilivyosikika mtaa wa pili. Msikilize msimulizi, lakini jua kwamba anasimulia alichosimuliwa.

Santuri ya kwanza, ile ya 1917, ilirekodiwa na Original Dixieland Jass Band, vijana weupe wa New Orleans waliokuwa wanapiga New York. Kuwa wa kwanza kwenye mashine si kuwa wa kwanza kwenye muziki, na filamu nzuri husema hivyo waziwazi. Filamu dhaifu huweka tarehe kubwa kwenye kioo, muziki unapanda, na mtazamaji anaondoka akidhani jazz ilianza siku hiyo.

Kisha kuna suala la ngoma. Kabla ya 1925 studio hazikuwa na maikrofoni. Wanamuziki walipiga kuelekea pembe kubwa, na mtikisiko wa sauti ulisukuma sindano iliyochora kwenye nta. Kishindo cha ngoma kubwa kiliweza kuirusha sindano hiyo, kwa hiyo mpiga ngoma mara nyingi aliambiwa aiache, agonge vibao vya mbao na matoazi. King Oliver alipokwenda kurekodi kwenye studio za Gennett, mjini Richmond, Indiana, mwaka 1923, inasimuliwa kwamba Armstrong alisimamishwa mbali na wenzake, maana korneti yake ilikuwa inamfunika bosi wake. Reli ilipita jirani, treni ikija wanasubiri. Sasa unaposikia santuri hizo kwenye filamu na msimulizi akasema "muziki wa zamani ulikuwa mwembamba, haukuwa na mdundo," unajua anachoeleza ni pembe na nta. Ukumbi wenyewe, Jumamosi usiku, ulikuwa na ngoma ya kutikisa sakafu.

Pengo kubwa kuliko yote ni la 1942. Tarehe 1 Agosti mwaka huo chama cha wanamuziki, kikiongozwa na James Petrillo, kilikataza wanachama wake kurekodi mpaka makampuni ya santuri yakubali kulipa fungu kwa wapigaji waliokuwa wanapoteza kazi kwa sababu ya santuri zilezile. Kampuni moja kubwa ilikubali 1943, mbili zilizobaki zikang'ang'ana hadi Novemba 1944. Katikati ya ukimya huo ndipo Parker, Gillespie, mpiga piano Thelonious Monk na wenzao walipokuwa wanapika bebop kwenye vilabu vya Harlem kama Minton's. Mashine zilipowashwa tena chakula kilikuwa kimeiva. Ndiyo maana filamu karibu zote huonyesha bebop kama radi: jana swing, leo Parker. Watu waliokuwa wakiingia Minton's kila wiki waliiona ikikua kidogokidogo, kama mtoto wa jirani.

Na huyo Parker mwenyewe, mtu aliyebadilisha jinsi saksofoni inavyopigwa, karibu hana filamu. Kipande maarufu ni cha televisheni, Februari 1952: yeye na Gillespie wanakabidhiwa tuzo za jarida la Down Beat, kisha wanapiga "Hot House". Kitazame na ukisimamishe kabla hawajaanza kupiga. Mtangazaji anawauliza kama wana neno la kusema, kwa ile sauti ya kuwabembeleza watoto. Parker anamjibu kwa upole kwamba muziki husema kuliko maneno. Kisha wakati Gillespie anapiga tazama macho ya Parker: hayatabasamu, hayachukii, yanangoja. Dakika chache hizo hukatwa na kubandikwa karibu kila filamu inayomgusa. Ukishakiona kizima utakitambua popote, hata wakikificha chini ya sauti ya profesa.

Hatua ya 3: Tenganisha picha na sauti

Huu ndio mtihani wa mzee wetu. Ukiona tarumbeta, fuata pistoni: noti zikibadilika haraka na vidole vimetulia, au kinyume chake, huenda kuna ndoa ya mkeka hapo. Ukiona drams, tafuta pigo moja kubwa la toazi na uone kama fimbo imegusa wakati huohuo. Mwimbaji ni rahisi zaidi, tazama herufi za midomo inayofunga, m na b. Saksofoni ni ngumu kwa asiyeipiga, lakini pumzi haidanganyi: mpigaji akichomoa mdomo kuvuta hewa, sauti lazima ikatike.

Usikimbilie kusema wamedanganya. Mara nyingine wanamuziki wenyewe waliombwa waigize. Mwaka 1950 mpiga picha Gjon Mili aliwapiga filamu Parker na mpiga saksofoni mwenzake Coleman Hawkins wakifuatisha sauti iliyokuwa imerekodiwa tayari, na hata hivyo uso wa Parker anapomsikiliza Hawkins ni hazina.

Ili ujue kitu halisi kinavyofanana, tafuta *The Sound of Jazz*, kipindi cha televisheni ya CBS kilichorushwa moja kwa moja tarehe 8 Desemba 1957. Nenda kwenye wimbo wa mwimbaji Billie Holiday, "Fine and Mellow". Amekaa kwenye kigoda, wanamuziki wamemzunguka nusu duara. Mpiga saksofoni Lester Young, rafiki yake wa siku nyingi ambaye siku hizo alikuwa mgonjwa, anasimama kwa zamu yake na kupiga mzunguko mmoja tu wa blues. Noti chache, polepole, kama mtu anayechagua maneno msibani. Kamera inamgeukia Holiday. Anatikisa kichwa, midomo inataka kucheka, macho yanasema jambo jingine. Hakuna msimulizi wa kukueleza ulie wapi. Wote wawili walifariki 1959, wakipishana miezi minne hivi. Angalia tu usije ukachanganya: santuri yenye jina la kipindi hicho ilirekodiwa siku chache kabla ya matangazo, kwa hiyo sauti yake si ile ya kwenye picha.

Na mhariri anaweza kukudanganya bila kugusa sauti. *Jazz on a Summer's Day* ya Bert Stern ilipigwa kwenye tamasha la Newport, Julai 1958, na kwa uzuri wa rangi sijaona ya kuipita. Lakini Monk anapopiga "Blue Monk" kamera inaondoka kwenye mikono yake na kwenda kutazama mashindano ya mashua. Mikono ya Monk, jamani, vile vidole vilivyonyooka kama vijiti, tunabadilishiwa na matanga. Miles Davis na Duke Ellington walipiga kwenye tamasha hilohilo na hawamo kabisa. Chuck Berry, mtu wa rock 'n' roll, yumo. Mtu akikwambia filamu hiyo inaonyesha jazz ya 1958, mwambie inaonyesha alichokipenda mpiga picha wa mitindo aliyekwenda ufukweni na kamera nzuri.

Hatua ya 4: Mchunguze anayeongea

Chora safu tatu: aliona, alisimuliwa, anavyoona yeye. Kila mhojiwa anapotokea mwandike kwenye safu yake. Utashangaa safu ya kwanza inavyobaki tupu.

Mfano mkubwa ni *Jazz* ya Ken Burns, iliyoonyeshwa PBS, televisheni ya umma ya Marekani, Januari 2001: sehemu 10, saa 19 hivi. Wengi wetu tuliingilia mlango huo na sioni aibu kusema ni mlango mzuri. Picha zilizokusanywa mle ni nyingi mno, na suala la ubaguzi halikufichwa. Lakini hesabu sehemu zake. Tisa za kwanza zinakufikisha karibu 1960. Ya kumi inabeba kila kitu kuanzia 1961 hadi siku filamu ilipotoka: miaka 40 kwenye gunia moja. Mpiga saksofoni John Coltrane wa miaka yake ya mwisho, jazz huru, Miles wa umeme, wanamuziki wa Chicago, wote wanasukumana mlangoni kama abiria wa daladala la mwisho.

Kwa nini? Tazama nani amekaa kwenye kiti. Sauti inayorudi mara kwa mara ni ya Wynton Marsalis, mpiga tarumbeta hodari na mshauri mkuu wa filamu, pamoja na mwandishi Stanley Crouch. Wawili hao walikuwa wametetea kwa miaka msimamo kwamba jazz bila blues na bila swing si jazz. Ni msimamo unaoheshimika, ila ukiufanya kipimo cha historia basi kila kilichokuja baada ya 1960 kinageuka kuwa mtoto aliyepotea. Marsalis alizaliwa 1961. Anamwelezea Bolden, aliyenyamaza 1907, kwa uhakika wa mtu aliyekaa mstari wa mbele, na anaeleza vizuri hadi unasahau kuuliza. Mpeleke safu ya tatu.

Kuna mtego mwingine ulio laini zaidi: sauti ya "mimi". Kwenye *Miles Davis: Birth of the Cool* ya Stanley Nelson, 2019, unasikia sauti ya kukwaruza ikisema mimi nilifanya hivi, mimi nilimwona fulani. Ni mwigizaji Carl Lumbly, anasoma maneno ya tawasifu ya Miles. Kwenye *Chasing Trane* maneno ya Coltrane yanasomwa na Denzel Washington. Hakuna ubaya, mradi ujue. Mwigizaji mzuri hutia kituo na majonzi mahali ambapo mwenyewe pengine alisema huku anatafuta viatu.

Hatua ya 5: Tafuta asiyekuwepo

Kwa hatua hii filamu moja inatosha kufundishia: *A Great Day in Harlem* ya Jean Bach, 1994. Inahusu picha moja tu. Asubuhi ya tarehe 12 Agosti 1958 mpiga picha Art Kane aliwakusanya wanamuziki 57 mbele ya nyumba namba 17, mtaa wa 126 Mashariki, Harlem. Saa nne asubuhi, saa ambayo wengi wao hawakujua kwamba ipo. Hawakutaka kupangwa: walikuwa hawajaonana muda mrefu, wanasalimiana, wanacheka, Kane anapiga kelele hakuna anayemsikia. Count Basie alichoka kusimama akakaa ukingoni mwa barabara, watoto wa mtaa wakaja kupanga mstari pembeni yake. Dizzy Gillespie anatoa ulimi. Willie "The Lion" Smith alichoka zaidi, akaenda kukaa ngazi za nyumba ya jirani, na picha iliyochaguliwa ikamkosa. Mke wa mpiga besi Milt Hinton, Mona, alikuwa na kamera ndogo ya filamu ya nyumbani, na hizo ndizo picha zinazotembea unazoziona.

Sasa simamisha kwenye picha nzima uhesabu wanawake wanamuziki: Mary Lou Williams, Marian McPartland, Maxine Sullivan. Watatu kati ya 57. Beba hesabu hiyo kwenye kila filamu nyingine. Lil Hardin alikuwa kwenye piano santuri za King Oliver za 1923, alikuwa kwenye Hot Five, alitunga, tena ndiye aliyemsukuma mumewe Armstrong aache kuwa mpiga wa pili wa mtu. Filamu nyingi humtambulisha kama "mke". Ukitaka kuziba pengo tazama *The Girls in the Band* ya Judy Chaikin, 2011, iliyo na bibi waliozunguka Marekani wakipiga saksofoni na tarumbeta, wengine na International Sweethearts of Rhythm, bendi ya wasichana wa rangi mbalimbali iliyopita mitaa ya Kusini ambako hata kukaa basi moja lilikuwa kosa.

Hatua ya 6: Pima kifo, pima muziki

Watengenezaji filamu wanapenda jeneza. Dawa za kulevya, risasi, hoteli ya mwisho. Kipimo changu ni cha saa ya mkononi: filamu imechukua dakika ngapi kabla ya kukuachia muziki dakika nzima bila mtu kuongea juu yake? Zipo zinazomaliza bila kukupa dakika hiyo.

Inayofaulu ni *Thelonious Monk: Straight, No Chaser* ya Charlotte Zwerin, 1988, iliyojengwa juu ya picha alizopigwa Monk mwaka 1967 na 1968. Ugonjwa wake umo, anazunguka palepale aliposimama kama pia, lakini mikono imo pia, na viatu vinavyopiga sakafu chini ya piano, na jasho. *Let's Get Lost* ya Bruce Weber kuhusu Chet Baker inapendeza macho, na kila mara nikiitazama nabaki na wasiwasi kwamba inaupenda uso uliokunjamana kuliko tarumbeta. *I Called Him Morgan* ya Kasper Collin, 2016, ni jambo jingine. Mpiga tarumbeta Lee Morgan alipigwa risasi na mkewe Helen kwenye klabu ya Slugs', New York, usiku wa theluji wa Februari 1972, akiwa na miaka 33. Uti wa mgongo wa filamu ni kaseti moja: Helen akihojiwa 1996, mwezi mmoja kabla ya kufa kwake. Unasikia mkwaruzo wa utepe, anavuta pumzi, anasita. Mwuaji huyo ndiye aliyemwokota Morgan barabarani, akamkombolea koti alilokuwa ameliweka rehani, akamrudisha jukwaani. Filamu haikuhukumii, inakuachia kaseti.

Hatua ya 7: Mtazame mtu mmoja kwa filamu tatu

Mtu huyo awe Louis Armstrong. Anza na *Satchmo the Great*, 1957, ambayo kamera zilimfuata hadi Accra 1956: umati, tabasamu, kitambaa cheupe, balozi wa furaha. Kisha *Louis Armstrong's Black & Blues* ya Sacha Jenkins, 2022, inayotumia kanda alizojirekodi mwenyewe nyumbani kwake Queens. Humo anatukana kama mpagazi wa bandarini na kueleza alivyodharauliwa, bila kutabasamu. Ni mtu yuleyule aliyemkemea Rais Eisenhower hadharani mwaka 1957 kwa uzembe wake wakati watoto weusi wanazuiwa kuingia shule Little Rock.

Ya tatu inatuhusu moja kwa moja. *Soundtrack to a Coup d'Etat* ya Johan Grimonprez, 2024, inaiweka jazz pamoja na mauaji ya Lumumba. Oktoba 1960 Armstrong anapokelewa Léopoldville, amebebwa juu kwenye kiti kama chifu, huku Lumumba yuko kwenye kizuizi cha nyumbani mjini humohumo. Ziara ililipiwa kwa sehemu na serikali ya Marekani, ikafika mpaka Katanga. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Tarehe 15 Februari mwimbaji Abbey Lincoln na mpiga drams Max Roach walikuwa miongoni mwa waliovamia kikao cha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, New York, kwa kelele za maandamano.

Filamu hii inaonyesha chanzo cha kila dai, kimeandikwa hapohapo kwenye kioo. Simamisha usome, utamaliza kwa saa nne badala ya mbili na nusu, haidhuru. Lakini mtihani wa Hatua ya 3 uendelee. Grimonprez anakata kutoka drams za Roach kwenda kwa mwanasiasa anayegonga meza, pigo kwa pigo, na kwa kuwa mdundo unalingana akili inaamini kwamba na sababu zinalingana. Pale maandishi ya chanzo yapo, shika. Pale pana mdundo peke yake, andika alama ya kuuliza.

Hatua ya 8: Zima kioo, weka wimbo

Filamu ikiisha chagua rekodi moja iliyotajwa uisikilize nzima, simu iko chumba kingine. Kwa historia ya mwanzo naanza na "West End Blues" ya Armstrong, Juni 1928. Inafunguliwa na tarumbeta peke yake kwa sekunde kama kumi na mbili, na filamu nyingi hukata baada ya hapo, au profesa anaingia kusema ni ajabu. Ukikatiwa hapo unakosa sauti ya Armstrong ikijibizana na klarineti bila maneno, unakosa piano ya Earl Hines, na unakosa noti moja ya juu karibu na mwisho, aliyoishikilia mpaka unahisi ukuta unasogea.

Jumapili ile tuliiweka baada ya filamu kuisha. Hakuna aliyesema kitu. Mzee alikuwa amefumba macho, na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinabonyeza kochi.